Kilichoandikwa na Kilichoongezwa

Miaka ile biashara ilipoachiwa huru, Bariadi ilijaa sauti. Wanunuzi binafsi wa pamba walikuja na malori, kila mmoja na kipaza sauti chake na ahadi zake. Mitumba ikamwagwa kwenye maturubai siku za mnada. Na wahubiri nao wakaanza kufika kutoka miji ya mbali, wakiwa na jenereta na magitaa ya umeme.

Mimi nilikuwa mwalimu wa shule ya msingi kijijini kwetu, upande wa Nkololo, kijana ambaye bado hajaoa. Kanisani kazi yangu ilikuwa kutafsiri. Mgeni akihubiri kwa Kiswahili, nilisimama kushoto kwake nikawapa wazee maneno yale kwa Kisukuma. Niliipenda kazi hiyo kuliko nilivyoipenda chaki, Mungu anisamehe.

Mama yangu alikaa mstari wa mbele siku zote. Hakujua kusoma. Tangu baba afariki, mimi nikiwa darasa la tano, ndimi niliyekuwa nikimsomea Biblia kila jioni kabla ya kula, nikiigeuza Kisukuma papo hapo. Nadhani ukalimani wangu ulianzia pale jikoni, huku ananikatisha: "Hapo rudia. Jana hukusema hivyo."

Mwaka mmoja, mvua za kupandia zikikaribia, alikuja mhubiri mrefu wa suti ya kijivu. Mkutano ulikuwa wa siku tatu, kwenye uwanja wa mpira wa shule yetu. Siku ya kwanza ilikwenda vizuri. Siku ya pili alisoma pale ambapo Mungu, kwa kinywa cha nabii, analifananisha neno lake na mvua na theluji zishukazo toka mbinguni, ambazo hazirudi bila kuinywesha nchi.

Kwenye theluji nilikwama. Kwetu nani ameiona? Nikasema ni kitu cheupe kama pamba, baridi sana, kinachoanguka kutoka mawinguni. Mzee mmoja akauliza kwa sauti, "Inaanguka imeshachambuliwa?" Uwanja mzima ukacheka, na mhubiri akacheka pia bila kujua kwa nini.

Kisha akaifunga Biblia, akaiinua juu.

"Neno linasema, mwaka huu shamba la mwamini halitakauka! Na aliyekaukiwa na shamba lake, huyo hakuamini!"

Akanisubiri. Mimi nikamtazama mama.

Msimu uliotangulia, shamba la mama lilikuwa limekauka. Alipanda pamba mara mbili, na mara zote mbili miche iliishia kimo cha kifundo cha mguu. Kila asubuhi nilimwona akisimama kwenye tuta la mwisho akiomba. Na sasa yuko pale mbele, mikono mapajani, anangoja nimwambie kwa lugha yake mwenyewe kwamba hakuamini.

"Mwalimu, tafsiri," mhubiri akasema.

Nikarudia kwa Kisukuma maneno ya mvua na theluji, basi. Waliojua Kiswahili wakaanza kunong'ona. Mama akasimama.

"Mwanangu," akasema kwa Kisukuma, "mgeni amesema maneno mengi, wewe umetupa machache. Hayo mengine yameandikwa, au ni yake?"

Mgeni ni mgeni, tena mtumishi wa Mungu. Lakini yule alikuwa mama yangu, na kitabu kilikuwa kile kile tulichosoma jikoni.

"Ni yake, mayu," nikamjibu mama.

"Basi tusomee yaliyoandikwa, tukae na hayo."

Nikaichukua Biblia yangu nikasoma sehemu ile yote, taratibu. Mhubiri alisimama akinitazama, kipaza sauti kikiwa kimeshuka hadi kiunoni. Kwaya ikaimba, mkutano ukafungwa mapema.

Kwa bahati mbaya, au nzuri, siku hiyo zamu ya kumlisha mgeni ilikuwa yetu. Nilitembea naye hadi nyumbani. Mama alimtengea kigoda kivulini pa nyumba, akaleta michembe, viazi vitamu vilivyokaushwa, na karanga.

"Shikamoo mama," mhubiri akasema. Alikuwa mdogo kwa umri kuliko nilivyodhani.

"Marahaba baba. Kula."

Alikula kidogo, kisha akaniambia, "Mwalimu, leo umenivunja mbele za watu."

Mama akaniuliza amesema nini, nikamtafsiria, safari hii neno kwa neno.

"Mwambie sikutaka avunjike," mama akasema. "Muulize alitaka nini kwetu."

Mhubiri akajibu, "Nilitaka kuwatia moyo. Watu wamechoka. Ukiwaambia mvua itakuja, wanainuka."

"Mwaka jana mvua haikuja kwangu," mama akajibu, nami nikitafsiri. "Nimetafuta nilipodanganywa na Mungu, sijapaona. Hakuniahidi pamba. Aliniahidi kwamba hataniacha, na kweli hakuniacha. Nimekula, mwanangu amenisomea, nimelala na amani yangu. Sasa wewe ukimwekea Mungu ahadi ambayo hakuitoa, siku ikishindwa watu watasema ni yeye aliyeshindwa."

Mhubiri aliinamia sahani yake. Alipoinua uso alimwomba mama karanga zaidi, na mama akacheka, akajaza viganja vyote viwili.

Siku ya tatu alinitaka nisimame naye tena. Alisoma, akafafanua, na alipofika mahali pa kutoa mfano wa maisha yake alinigeukia akasema, "Mwalimu, waambie hili ni langu mimi." Nikawaambia. Wazee wakatikisa vichwa kwa kuridhika. Walioinua mikono kuombewa walikuwa wachache kuliko siku zilizotangulia, lakini wengi wao niliendelea kuwaona kanisani.

Mvua ya msimu ule ilikuja ya wastani, wala sikusikia mtu akiipigia hesabu za imani. Mama alivuna kiasi. Jioni tuliendelea kusoma. Tulikuwa tumefika kwenye vile vitabu vyenye orodha ndefu za koo na vizazi, nami nilitaka kuviruka. Akakataa. Alitaka kuwasikia wote, mmoja mmoja, huku anapepeta mtama.