Baharia wa Somanda na Mtu Aliyemsubiri

Ukisema hapa Bariadi kwamba wewe ni baharia, watu wanakupa mzigo upeleke Ukerewe. Ngassa, jirani yangu hapa Somanda, ameshapewa kuku, gunia la dengu, na safari moja alipewa mgonjwa. Kila mara anaeleza kwamba meli yake haifiki Mwanza, inabeba ngano kutoka kwa Wazungu kupeleka kwa Waarabu, na yeye kazi yake iko chini kabisa kwenye injini, anapaka mafuta na kusikiliza vyuma. Watu wanamsikiliza kwa heshima mpaka mwisho, halafu wanamuuliza, "Sasa hao kuku utawapitia lini?"

Akiwa likizo, usingizi unamsumbua. Mashine ya kusaga iliyo nyuma ya nyumba yake ikinguruma mchana kweupe, yeye anakoroma. Ikizimwa tu, anaruka kitandani anatafuta viatu. Siku moja nilimuuliza kinachomrudisha kwenye joto lile ni nini. Nilijua atasema mshahara, maana ng'ombe wote walioko kwa baba yake wametoka humo humo. Akafikiri, akasema, "Kaka, nikiwa zamu mle chini, wenzangu wote wamelala juu. Wamelala kwa sababu mimi niko macho. Hapa Bariadi nani analala kwa sababu yangu?"

Nikamwambia mimi silali kwa sababu yake, anavyoburuza viti.

Likizo hii ya mwisho ndiyo iliyoingia mdudu. Redio ilianza habari za meli kupigwa makombora Bahari ya Shamu. Minza, mke wake, ni mtoto wa Mzee Mayige wa Sapiwi. Bahari hajaiona na wala hana hamu nayo, lakini hiyo Shamu aliijua ghafla kama mtu anavyomjua mke mwenza. Anauza mchele sokoni. Mteja anataka kilo mbili, yeye kopo liko hewani, sikio liko redioni. "Subiri kwanza. Wamesema imezama au imeungua?"

Wakala wake wa meli akapiga simu kutoka Dar. Meli iko Misri, Ngassa aende akaipandie huko, na ikitoka hapo inateremka na Shamu hiyo hiyo.

Ngassa akasema ana malaria.

Malaria hiyo aliitunga Minza, Ngassa akaongeza kikohozi. Kila wakala akipiga, anakohoa mpaka machozi. Nikamwambia, "Kaka, malaria haina kikohozi." Akasema ameshaanza nacho, akiacha atashtukiwa. Tulicheka, lakini yeye alicheka kwa mdomo tu. Alikonda kweli kama mgonjwa. Jioni moja, amekaa kwenye karakana yangu ya pikipiki, akaniambia, "Mle chini huna dirisha, kaka. Kitu kikija, unakiona kikishatoboa ukuta."

Na kukaa nako hakukumpa raha. Simu ikilia anashtuka, isipolia anaiangalia.

Siku mambo yalipogeuka nilikuwa nimefuata spana yangu kwao. Minza alikuwa anapepeta mchele, Ngassa kakaa kwenye ngazi.

"Wakala amesemaje leo?" Minza akauliza.

"Amesema nipone."

"Hawatatafuta mwingine wakakunyang'anya kazi?"

"Tulia, Ng'wana Mayige. Hakuna haraka. Marcelo yupo."

"Marcelo ndiye nani?"

"Mfilipino mmoja. Mimi ndiye ninayempokea. Mkataba wake umekwisha, lakini hashuki mpaka mimi nipande. Yupo tu, ataenda wapi?"

Hapo alikosea. Maneno hayo mwambie mwanamke mwingine, si mtoto wa wafugaji wa Sapiwi. Kule kaya kadhaa zinaunganisha ng'ombe na kuchunga kwa zamu. Kiangazi kundi linapelekwa mbali, na aliye nalo haondoki mpaka wa kumpokea afike. Mwaka mmoja Salu, kaka yake Minza, aliachwa mbugani kwa sababu kaya ya Ngeleja, yenye zamu, ilikuwa kwenye ngoma. Hakuna aliyekwenda. Kijana wa watu akakaa na kundi bila chakula mpaka akaanguka. Alipona, lakini mpaka leo mtu wa kwa Ngeleja akiwasalimia, wa kwa Mayige wanaitikia huku wanaangalia pembeni.

Minza akaweka ungo chini. "Ana watoto?"

"Nani?"

"Huyo uliyemwacha na ng'ombe."

"Ni injini, mama."

"Nimekuuliza, ana watoto?"

"Wawili. Mdogo kazaliwa yeye akiwa melini."

"Anajua kwamba unaumwa?"

Ngassa akatazama vidole vya miguu. "Alinitumia ujumbe. Anasema ananiombea."

Mimi nikacheka. Sikutaka, kicheko kilinitoka tu.

"Shemeji, chukua spana yako," Minza akasema, lakini hakunitazama, nami sikuondoka. "Baba Anna, kumbe mimi nimeolewa kwa Ngeleja na sijui?"

"Minza, kuna makombora."

"Nayajua kuliko wewe! Kwani huyo Marcelo hayuko humo humo? Au yanachagua?" Akajifuta machozi kwa ncha ya khanga, kwa hasira. "Nataka ukae. Sijawahi kutaka kitu kama ninavyotaka hicho. Ungekataa kwa mdomo wako, wakatafuta mtu mapema, ningeshangilia. Lakini siyo kukohoa hapa huku mtoto wa watu anasubiri. Piga simu. Na usikohoe."

Akapiga. Wakala akauliza kama anakwenda au amtafute mwingine, jibu alitaka pale pale. Ngassa akamtazama mkewe, mkewe akamgeuzia mgongo ili asimsaidie kujibu.

"Nakwenda," akasema.

Stendi Minza hakulia. Alimfunga zipu ya jaketi mpaka kidevuni kama mtoto, basi likaondoka.

Siku hizi mchele anauzia mbele ya karakana yangu, eti hapa mtandao unashika vizuri. Redio yangu ameshanizuia kuiwasha, na nisipoiwasha ananiuliza wamesemaje. Juzi kanionyesha picha ambayo Ngassa alimtumia kabla hawajaanza kuteremka na Shamu: mwanaume kasimama kwenye mlango wa nyumba ya bati, kambeba mtoto anayemlilia kama mgeni.

"Ndiye Marcelo?" nikasema. "Mbona mfupi hivi?"

"Mfupi, lakini amefika kwao."

Akaichukua simu, akateremsha kidole mpaka kwenye ujumbe wake wa mwisho kwa mume wake. Bado una tiki moja.