Gasketi Iliyokatwa na Mshona Nguo

Juzi nilikuwa gereji hapa Kitale, fundi kijana amelala chini ya gari langu, anakamua gundi nyeusi kwenye sampu kama mtu anayekamua dawa ya meno. Ikiwa hujui sampu ni nini, usione haya. Ni lile bakuli la bati chini ya injini linaloshika oili, na kati yake na injini hukaa gasketi, karatasi nene ya kuzuia oili isivuje. Siku hizi vijana wengi hubonyeza tyubu tu, kazi kwisha. Nikamwambia, "Mama yangu alikuwa anakata hiyo kitu na makasi ya kushonea." Akacheka mpaka spana ikamponyoka. "Ati makasi? Madam, wacha mchezo bana."

Basi nikusimulie wewe, huenda ukaniamini.

Baba alipofariki alituachia stesheni-wagoni kuukuu, rangi ya chai ya maziwa. Alikuwa mwalimu, na gari lile alilipenda kiasi kwamba aliliosha kabla ya kuoga yeye mwenyewe. Mama alikuwa fundi wa nguo. Mlio wa cherehani yake barazani ndio uliotuamsha asubuhi, kabla hata ya harufu ya uji wa wimbi. Alishona sare za shule, akazipakia garini, akazipeleka mwenyewe mpaka shule za njia ya Suam. Bila gari, sare zile zingebaki kabatini, nasi tungekula nini?

Lakini gari lilikuwa linavuja. Fundi wa mtaani alipoitwa, dawa yake ilikuwa moja tu, kukaza nati. Lilipozidi kuvuja, akakaza zaidi, hadi gasketi ikapasuka na ukingo wa sampu ukapinda. Habari zikamfikia baba mdogo, ndugu yake baba, kule kwao Bumula. Akaja, akachuchumaa, akaligusa lile dimbwi jeusi kwa kidole na kutikisa kichwa kama daktari.

"Shemeji, hii gari inakufa," akasema. "Bandu bandu huisha gogo. Wacha sisi watu wa nyumbani tuichukue, tuuze mapema."

Mama hakuinua macho kutoka kwenye pindo alilokuwa akishona. "Mimi naye si ni mtu wa nyumbani? Nipe mpaka Jumapili. Nitaileta Bumula mwenyewe. Ikidondosha oili kwa uwanja wa mama mkwe, ufunguo ni wako."

Sisi watoto tulitazamana. Nilimwogopea mama siku ile, na nilimkasirikia pia, maana niliona ameshatoa gari letu kwa mdomo wake.

Jumamosi, baridi ya Kitale ikiwa bado inauma, magurudumu ya mbele yalipandishwa juu ya magogo ya mkaratusi na ya nyuma yakazuiwa kwa mawe. Mama alifunga leso mbili, akaingia chini ya gari. Oili ya zamani ilimwagika kwenye beseni, nzito kama uji. Sampu ikashuka, na sehemu kubwa ya siku ikaenda kwenye usafi: akakwangua karatasi ya zamani kwa wembe, akafuta kwa mafuta ya taa, akaulaza ukingo uliopinda juu ya ubao na kuugonga polepole kwa nyundo ndogo. Mahindi yetu yalikuwa juani kwenye turubai, na kila mara alitupigia kelele tufukuze kuku, huku kichwa chake kikiwa bado chini.

Karatasi ya gasketi alikuwa ameinunua kwa jirani yetu, mzee mwenye duka la spea karibu na msikiti. Akailaza juu ya sampu, akaichora kwa chaki yake ya nguo, akaikata kwa makasi bila kusita, kama anayekata kola ya shati! Matundu ya nati aliyatoboa kwa patasi ndogo. Mzee wa spea, aliyekuja kutazama, alionya kwamba karatasi itateleza sampu ikiinuliwa. Hapo mama akaomba uzi. Akaishikiza gasketi kwenye sampu kwa uzi mwembamba, tundu kwa tundu, kama mtu anayeshikiza pindo kabla ya kulishona. Mzee akavua kofia akajikuna. "Mama, mimi nimeuza hizi vitu tangu ujana. Hiyo sijawahi ona." Nati zikakazwa kwa mkono mwepesi, moja huku, nyingine upande wa pili, mpaka zote zikatulia, kisha oili mpya ikamiminwa.

Jumapili tulishika njia ya Kimilili hadi Bungoma, kisha Bumula. Hakuna aliyeimba garini. Nyanya, mama mzazi wa baba, alikuwa amefagia uwanja mpaka ukang'aa, na baba mdogo alikuwa amevaa koti. Mama aliegesha, akatoa mkobani kitambaa cheupe cha kochi chenye maua ya kudarizi, akakitandaza chini ya injini ikiwa bado moto. "Oili ya moto haijui kujificha," akasema, akaingia jikoni kusaidia kusonga ugali.

Kuku wa siku ile hakuwa na ladha kwangu. Baba mdogo alipewa firigisi, heshima ya mwanamume wa nyumba, akaisahau sahanini. Chai iliponywewa aliinama mwenyewe, akakivuta kitambaa, akakigeuza upande huu na ule. Kilikuwa cheupe. Nyanya akamnyang'anya, akampa mama. "Rudisha kwa kochi yako," akasema. "Na wewe, kula firigisi, imepoa."

Mama ametutoka sasa, na barazani kwake kuna duka la simu. Nikisikia watu wakisema fulani ni jasiri, mimi humkumbuka yeye na ule uzi, na moyo hunijaa. Gari nalo liliondoka, miaka mingi baadaye, siku aliyoamua yeye mwenyewe kwamba amechoka na barabara. Alimchagua mnunuzi, akamkabidhi ufunguo mkononi. Baba mdogo alikuwepo, amesimama kando, mikono nyuma. Hakuna aliyemuuliza neno.