Sweta ya Kompyuta

Mtaa mzima ulimwita Barafu, kwa kuwa hakuna friji iliyowahi kumshinda. Ukimpelekea friji iliyogeuka kabati, ataipigapiga mgongoni kama mtoto aliyepaliwa, na kesho yake inagandisha maji. Basi mkewe, mkalimani wa mikutano ya mtandaoni, alipomwambia kompyuta yake inachemka, Barafu alicheka.

"Hiyo tu? Umeolewa na nani, kwani?"

Akaishika kwa chini. Akautoa mkono upesi, na kicheko kikamwishia.

Sababu aliiona palepale. Mama yake, aliyekuja kukaa nao, alikuwa ameifumia kompyuta ya mkwewe sweta. Sweta hasa: sufu nzito ya waridi, vifungo pembeni, ua kubwa katikati. Matundu ya kutolea joto yalikuwa yamefunikwa gubigubi. Na mkewe zawadi ile aliipokea kwa mikono miwili, akapiga na goti. Sasa nani amwambie mama?

"Ni hali ya hewa tu," Barafu akasema.

Tangu hapo akawa mtumwa wa uongo wake. Aliweka feni mezani, karatasi zikaruka hadi jikoni. Alifunga barafu kwenye mfuko akauweka chini ya kompyuta, mfuko ukavuja, nusura uiogeshe. Mama akitoka, Barafu anaivua kompyuta sweta. Akisikia kandambili zake koridoni, anaivisha mbiombio, vifungo vikienda upande. Nayo kompyuta ilinguruma kama mashine ya kusaga.

Siku ya mkutano wa wataalamu wa mbegu, mkewe alikaa mbele ya kamera, akitafsiri bila kusita. Barafu alikuwa amejikunyata chini ya meza, akiipepea kompyuta kwa kipande cha boksi. Sweta ameikalia.

Mlango ukafunguka.

"Mwanangu," mama alimwambia mkwewe, kwa mnong'ono wa kusikika nyumba ya pili, "mbona umeiacha uchi na upepo huu?"

Akainama kutafuta, akaona ncha ya waridi chini ya makalio ya mwanawe, akaivuta, akaanza kuivisha kompyuta. Wataalamu waliona vidole, kisha ua la sufu, kisha giza.

Barafu alichomoka, kichwa kikagonga ubao wa meza. "Mama, unaiua! Haipumui!"

Mkewe akazima kipaza sauti.

"Umejua lini?" mama akauliza.

"Siku ile ile ya kwanza."

"Na mimi ukaniambia hali ya hewa?" mkewe akadakia.

Wahenga walisema wapiganapo tembo, nyasi huumia. Lakini tembo hawa hawakuwa na ugomvi wowote wao kwa wao. Wote wawili walikuwa wanazitazama nyasi.

"Mgongo umeniuma kufuma kitu hiki," mama akasema. "Nilikuwa naanza cha pili, maana huyu aliniambia umekipenda mpaka ukalia."

"Kulia?" mkewe akashangaa. "Mimi, mama, niliogopa tu kukuvunja moyo."

"Ungenivunja tu, mwanangu, nilale mapema."

Wakashikana mikono, wakacheka mpaka mkewe akakumbuka kwamba kuna watu wanasubiri mbegu. Sweta ikavuliwa. Lakini kompyuta bado ilikuwa ya moto, karibu izime.

"Inyanyue ipate hewa," mama akaamuru.

Barafu akapiga magoti, akaishika kwenye kingo, akaiinua kama sinia la wageni. Mkewe akafungua kipaza sauti, akaomba radhi kwa hitilafu ya kiufundi, akaendelea pale alipoachia. Haukupita muda mikono ya Barafu ikaanza kutetemeka, na picha nayo ikayumba. Mtaalamu mmoja akauliza kwa wasiwasi kama huko kwao kuna tetemeko la ardhi.

"Shikilia," mama akanong'ona, akivuta kiti amtazame vizuri. "Bado hawajafika kwenye mahindi."