Upepo wa Kumbebea Mama

Kwa miaka mingi mama aliona ukungu tu. Alipofanyiwa upasuaji wa jicho moja Kasese, daktari alitoa sharti: kwa siku kadhaa asitikiswe, wala asitapike. Sharti lilisikika jepesi, lakini mama yangu hutapika akikaa dakika tano ndani ya taksi. Wakati wa kwenda alikuwa amekumbatia mfuko wa plastiki toka Bwera mpaka Kasese. Akanipigia simu kutoka wodini, akasema atarudi kwa pikipiki yangu.

Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi Bwera. Pikipiki yangu ni ndogo, na sikuwahi kubeba mtu. Nikawaza kwamba tairi zikiwa laini, mashimo hayatalifikia jicho. Jioni ile nikazitoa upepo mpaka zikabonyea chini ya kidole, nikaenda kuzijaribu. Kwenye kona ya soko sehemu ya nyuma iliyumba kama ng'ombe mgonjwa, nikaangukia marobota ya mitumba. Sikuumia.

Aliyeniinua alikuwa mziba pancha wa pale kwenye kona, mwanamke mtu mzima aliyekimbia vita kutoka ng'ambo ya mpaka, upande wa Butembo. Alibonyeza tairi, akanitazama.

"Mwalimu, juu ya nini umetosha upepo?"

Nikamweleza kwa nini nimeutoa, na habari ya jicho. Alisikiliza mpaka mwisho, mikono yake myeusi kwa gundi ikiwa imetulia magotini.

"Mama yako iko na kilo ngapi?"

"Labda sitini."

Akaazima gunia la maharage kwa jirani, akalifunga kwenye kiti kwa mipira ya tyubu, akajaza tairi zikawa ngumu kabisa. "Tembea mpaka Mpondwe, urudi."

Nilikwenda. Kila tuta gunia liliruka na kunigonga mgongoni. Niliporudi alipunguza upepo wa tairi ya nyuma, akaupima kwa geji, akanituma tena. Safari ya tatu gunia lilitulia, na kwenye kona pikipiki ilinitii.

"Sasa shika mu kichwa," akasema. "Mbele ishirini na tano. Nyuma, ukiwa na mutu, makumi tatu na mbili. Upime asubuhi, pikipiki ikiwa bado imelala. Ikitembea, upepo inapata moto, geji itakudanganya."

Kisha akanitilia geji yake na pampu ya mguu ndani ya mkoba. Nilipofungua pochi alikwishanipa mgongo, ameinamia gurudumu la mteja mwingine.

Kesho yake nilikwenda Kasese, nikalala huko; alfajiri iliyofuata niliamka kabla ya watu, nikapima, nikaongeza upepo nyuma, nikapima tena. Mama alitoka amefungwa bandeji jicho moja, kitenge kipya kiunoni. Akakaa, akanishika mbavu.

Ninachokumbuka baada ya hapo ni kama kitu nilichokiota. Ukungu ulikuwa umeufuta mlima wote, na tambarare ya Kikorongo ilielea mbele yetu bila mwisho. Swala walisimama kandokando ya lami, nao hawakukimbia. Sikusikia mtikisiko wowote, injini tu ikinong'ona, na pumzi ya mama kwenye shingo yangu. Kidogo kidogo kichwa chake kikawa kizito begani kwangu. Alikuwa amesinzia. Nikapunguza mwendo, na kwa muda mrefu nikaona kwamba tumesimama na nchi ndiyo inayopita, miti ya miiba, mitumbwi ya mawingu, harufu ya chumvi ikitoka upande wa Katwe. Nilikuwa na umri wa miaka arobaini na moja, na sikukumbuka mama kuwahi kulala juu yangu. Mimi ndiye niliyelala mgongoni kwake, miaka yote ile ya utoto, akipanda vilima vya Kyarumba na mzigo kichwani.

Karibu na Kinyamaseke aliamka.

"Tumefika wapi?"

"Bado kidogo, mama. Umetapika?"

"Nitapike nini? Nilikuwa nimelala."

Siku iliyofuata muuguzi wa Bwera alifungua bandeji. Mama alipepesa macho, akatazama dirisha, akatazama viganja vyake mbele na nyuma. Mwishowe akanigeukia mimi, akanichunguza taratibu, uso mzima.

"Una mvi," akasema kwa Kikonzo. "Hakuna aliyeniambia."

Akanyoosha mkono akazigusa, moja baada ya nyingine, na muuguzi akatuacha hapo.