Wimbo Namba Kumi na Nne

Nimechoka kusikia watu wakisema muziki ni upepo, hauna mwenyewe. Nimeyasema hayo mimi mwenyewe kwa miaka, nikiwa kibandani kwangu karibu na soko, Morogoro mjini, kompyuta mbele na mtoto mgongoni. Kazi yangu ni kuingiza nyimbo. Unaleta flashi, nakujazia. Nyimbo zenyewe nazipakua bure mtandaoni, nyingine tunapeana sisi wenye vibanda. Hakuna hata mmoja wetu aliyewahi kumuuliza mwimbaji.

Wateja wangu wengi ni watu wa Mgeta wanaoleta kabichi na karoti. Lori likishashusha mzigo wanakuja mbio, maana linarudi mlimani muda si mrefu. Hawana nafasi ya kusoma majina ya nyimbo, kwa hiyo niliyafuta yote nikaweka namba. "Dada, niwekee tano mpaka thelathini." Dakika mbili, kaondoka. Nilijiona mjanja kweli.

Mume wangu ni mwimbaji. Alirekodi wimbo mmoja studio, akaniletea mwenyewe.

"Weka kwenye kila flashi, mama. Wakishaupenda, wataniita."

Nikaupa namba kumi na nne, kama nyingine zote.

Wimbo ukapanda mlimani na malori, ukapigwa kila kona. Kweli akaitwa. Dereva mmoja anayetufahamu alimpeleka kwa mzee wa Mgeta aliyekuwa anamwoza mpwa wake, na kwa Waluguru mjomba akishasema, imekwisha. Mzee akasema watu wakimkubali, harusi zote za ukoo msimu huo ni zake. Wasipomkubali, kazi ya kukata miwa ilikuwa inamsubiri bondeni, miezi mingi mbali na sisi.

Siku ya harusi tulipanda naye Mgeta, mimi na mtoto. Aliimba mistari mitatu tu, ukumbi wote ukasimama. Nikaanza kulia kwa furaha, mjinga mimi. Kisha msichana mmoja wa mbele akapiga kelele, "Heee! Huyu kaka anaiga Kumi na Nne!"

Watu wakacheka.

"Wimbo ni wake!" nikasema.

"Wake tangu lini? Basi na mimi wa kwangu ni Ishirini!"

Nikamgeukia bibi mmoja aliyekuwa jirani yangu, nikampa shikamoo, nikamweleza.

"Marahaba, mwanangu," akanijibu kwa huruma. "Mumeo anajitahidi. Ila yule mwenyewe sauti yake nzito. Yuko Dar yule."

Mjomba akanyanyua mkono. "Mpumzisheni kijana. Tuwekeeni ule wenyewe."

Wakachomeka flashi kwenye sabufa. Mume wangu akashusha maiki, akasimama palepale anajisikiliza, na watu wakaicheza sauti yake huku wamempa mgongo. Flashi ile niliijaza mimi.

Tulishuka kwa miguu kwenda barabarani, njia ile ya mteremko inayokata magoti.

"Jina langu uliliandika wapi?" akaniuliza.

"Sikuandika."

"Kwa nini?"

"Sijaandika la mtu yeyote."

Hakunigombeza. Angenigombeza ningejua cha kujibu. Aliniomba mtoto tu, akambeba mpaka chini.

Jumatatu akaenda kwenye miwa. Mimi nikafungua kompyuta na kuanza kurudisha majina. Nilianza na lake. Baada ya hapo nikakwama. Mamia ya nyimbo, na waimbaji wake wengi siwajui kabisa, sijui hata wanaishi wapi, wana watoto au hawana. Hasira ikanipanda, na wa kumpelekea sikumwona zaidi ya mimi mwenyewe.

Akaja mteja, kijasho kinamtoka.

"Dada, fanya upesi, lori linawashwa."

"Huyu anayeimba hapa unamjua?"

"Wa nini? Wewe weka tu."

Mtoto alikuwa hajala. Nikaweka.