Spana ya Mshale

Pikipiki ilikuwa yangu. Naanza na hilo kwa sababu kuna wakati nyumbani kwetu watu walianza kulisahau. Nilikuwa bibi shamba wa mradi mmoja, nazungukia wakulima wa mpunga na kakao mpaka Ikolo, na mradi ulipofungwa niliinunua ile pikipiki chakavu kwa akiba yangu mwenyewe. Mume wangu alikuwa mwalimu. Yeye alikuwa na chaki, mimi nilikuwa na pikipiki.

Siku moja akajitia kunisaidia. Akaifungua nati ya kumwagia oili, akairudisha kwa nguvu zake zote, nyuzi za nati zikaliwa. Baba yake, aliyekuwa fundi wa matrekta maisha yake yote, akaitwa kuja kurekebisha. Tangu hapo akawa anakuja kila Jumapili baada ya kanisa kumfundisha mwanawe.

Sasa, kwetu Wanyakyusa mke wa mwana hakutani na baba mkwe. Hamtazami usoni, hasemi naye, akimsikia anakuja anapisha njia. Kwa hiyo mzee alipofika mimi niliingia jikoni, na pikipiki yangu ikabaki uani na wanaume wawili. Nilichungulia katikati ya mianzi ya ukuta. Mzee alikuwa anaweka mkono wake juu ya mkono wa mume wangu, wanakaza pamoja polepole, halafu anasema, "Hapo. Basi." Wanacheka. Mimi napuliza moto ambao ulikuwa umeshawaka zamani. Niliona wivu, na siupi jina jingine. Mtu asiyejua hata kuziba pancha anashikwa mkono, mwenye chombo anakaa na masufuria!

Nikasema, kama sishikwi mkono, nitaununua. Kitabu cha pikipiki kilikuwa na nambari ya mkazo wa kila nati, na pale mradini nilikuwa nimesikia kwamba kuna spana inayoupima. Miaka ile biashara ilikuwa imefunguliwa, na Kyela mjini maduka yalijaa vitu vya kila namna, vingine vikitoka ng'ambo ya mpaka. Mwenye duka mmoja, mtu wa pwani, alinitolea mbili.

Ya kwanza ilikuwa mpya, inang'aa, na ikifika kipimo inalia ka! "Dada, hii hata kipofu anakaza," akasema. Niliitamani. Nilishaiona ikilia pale uani, wanaume wakigeuka kutazama. Lakini nikaangalia nambari zake, zilianzia juu sana, ni za magari. Nati yangu ya oili ingekatika kabla spana haijalia. Ya pili ilikuwa ya mtumba, ina mpini mrefu na mshale unaosogea juu ya bamba la nambari kuanzia sifuri. Mshale ulikuwa umepinda kidogo, mwenye duka akaunyoosha kwa vidole mpaka ukakaa kwenye sifuri. Bei yake haikufika nusu ya ile nyingine. Nikaichukua, nikaifunga kwenye khanga.

Jumamosi nilimwaga oili, nikaweka mpya, nikakaza nati huku macho yangu yako kwenye mshale. Ulipofika kwenye nambari ya kitabu nikaacha. Mume wangu alikuwa kibarazani anasahihisha madaftari. Aliniona vizuri kabisa.

Kesho yake mzee akaja, akainama, akaijaribu nati kwa spana yake.

"Nani kaikaza hii?"

"Mimi, baba," mume wangu akasema.

"Sasa mkono wako umekomaa, mwanangu."

Nilikuwa nimeshika mwiko, na kama si desturi ningetoka nao. Mwizi wa mchana kweupe, tena nimempikia mwenyewe!

"Haya, kaza na hii ya gurudumu la nyuma, nione." Safari hii mzee hakuweka mkono wake. Mume wangu akavuta, akavuta, jasho likamtoka. Mzee akamzuia, akaijaribu nati.

"Mkono huu si ule," akasema.

Mume wangu akajikuna shingo. "Ni mke wangu, baba."

Nilingoja hasira. Mzee akafuta mikono kwa tambara, akasema kwa sauti ya kufika jikoni, bila kuuangalia mlango: "Basi aje akaze. Mimi nitageuka."

Akageuka kweli, akatazama migomba, mikono nyuma. Nikajitanda khanga, nikatoka na spana yangu, nikailegeza ile nati, nikaikaza mpaka mshale ukafika panapotakiwa. Nikarudi jikoni.

Mzee akarudi kwenye pikipiki, akaijaribu nati. Hakuirudia mara ya pili. "Ndaga fijo," akaishukuru migomba. Kisha akamwambia mwanawe, "Kuanzia leo, wewe utakuwa unampa spana."

Nikachungulia tena. Mume wangu alikuwa amesimama kando ya pikipiki, mikono yake haina kazi. Uso ule niliujua. Nilikuwa nimeuvaa mimi, nyuma ya mianzi ile ile, kila Jumapili.