Tarehe ya Mama

Sheria ya mgonjwa kuteua msemaji wake nilijifunza peke yangu kwenye simu, ndani ya treni nikitoka Shaw kwenda kazini Rockville, kwa sababu naogopa kumuuliza mtu swali la kijinga. Daktari alikuwa ametuambia kumbukumbu za mama zimeanza kupotea, ila bado angeweza kuamua nani amsemee hospitalini siku akili itakapogoma kabisa. Tusisubiri, alisema.

Nilichapa fomu ya uteuzi huo mara sita. Moja ilipata doa la chai, nyingine sikuupenda mwandiko wangu.

"Mwanangu, huu ni mtihani wa taifa?" mama aliuliza.

Jumapili baada ya ibada walikuja mashahidi wawili: jirani yetu, na muuguzi Mkenya tunayesali naye. Mama alinitaja mimi, akasaini, akaweka tarehe: siku kwanza, mwezi baadaye, kama alivyofundishwa Moshi. Huku ughaibuni mwezi hutangulia. Tarehe tisa Machi ikageuka siku ya Septemba ambayo haijafika.

"Wacha tu," muuguzi alisema. "Aandike jina la mwezi hapo kando, tumalize. Pilau inapoa."

Niliichana fomu. Nakiri, niliichana mbele yao, nikaahidi nakala safi Jumapili ijayo.

Jumapili hiyo muuguzi alimuuliza, "Mama, ukizidiwa, nani akusemee?"

"Dada yangu."

Dada yake tulimzika nikiwa darasa la pili.

Muuguzi alifunika kalamu. "Leo siwezi, mdogo wangu. Nitashuhudiaje kwamba anajua?"

Wiki tatu nilitembea na fomu kwenye mkoba. Kila asubuhi nilimchungulia mama usoni kabla hata ya kumwamkia, kama mtu aliyeanika kahawa anavyotazama mawingu. Nilimtega kwa maswali: leo siku gani, jana tulikula nini? Alinifokea kwamba yeye si mwanafunzi wangu.

Kisha asubuhi moja alinikuta jikoni. "Ile karatasi yako iko wapi? Au bado unaipiga pasi?"

Niliwapigia mashahidi. Jirani alitangulia; muuguzi alifika na sare zake za zamu, akamuuliza tena. Mama alinitaja kwa majina yote matatu, akasaini. Akaweka tarehe: siku kwanza.

"Mama, andika na jina la mwezi hapo kando."

Aliandika kwa herufi kubwa, zikapanda juu ya mstari. Akanitazama.

"Na hii utaichana?"

Nilikuwa nimeshampa muuguzi kalamu.